Mama wa Kambo Aliyeunguza Uji

Nina kisa mkononi. Semeni: Kitue, tukipokee.

Sikusikia. Wale wa nyuma midomo yao ni ya kutafunia tu? Semeni tena.

Haya, nimesikia, nakitua. Pukuchueni huku mnasikiliza. Na wewe Mashavu, punje ziingie ungoni, si mdomoni. Nakuona, mwanangu. Macho yangu yamezeeka, hayajafa.

Kale, kale na kale, siku ambazo fisi alikuwa bado akibisha hodi kabla ya kuiba, kulikuwa na mji ukiitwa Kidundani. Mji mdogo, nyumba arubaini na kitu, na mashamba ya mahindi mpaka ukingoni mwa msitu. Watu wa mji ule walipenda vitu viwili, mahindi na hadithi, na vyote viwili walivila pamoja. Kila mavuno yakiingia, mji mzima ulikusanyika uwanjani siku saba kupukuchua, na msimuliaji akawekewa kigoda katikati. Mikono inapukuchua, masikio yanakula.

Sasa tegeni sikio nisimulie desturi yao, maana bila desturi hii kisa hakiendi. Mtu akimaliza kupukuchua hindi hubaki na nini? Na gunzi. Basi msikilizaji akichoshwa na jambo ndani ya hadithi, alimrushia msimuliaji gunzi miguuni. Gunzi likitua, hadithi inasimama. Lakini aliyerusha naye anasimama, mbele ya watu wote, aseme yeye jambo lile lilipaswa kwendaje. Mrusha gunzi asimame aseme, ndivyo walivyosema. Kwa hiyo waoga hawakurusha, na wajinga walirusha mara moja tu maishani.

Nao walikuwa wachaguzi kama nyinyi. Mzee Ngwali, mkuu wa uwanja, hakuistahimili hadithi inayoisha kwa mtu kuamka na kukuta yote yalikuwa ndoto. Alisema huko ni kumkaribisha mgeni, kumnawisha mikono, kisha kumwambia chakula hakuna. Vijana walimchoka mwindaji anayesahau mkuki nyumbani siku ileile ya kukutana na simba. Wanawake walimchoka binti anayeolewa na mfalme kwa sababu tu alionwa kisimani mara moja. Lakini kitinda mimba akiwashinda kaka zake sita, hapo walipiga vigelegele. Maskini akidharauliwa kisha akawa mkuu, walilia, na mwaka wa pili wakataka walie tena palepale. Na kupita hayo yote, watu wa Kidundani walimpenda mama wa kambo. Mbaya. Awe mbaya hasa, asibakize.

Na hakuna aliyemsimulia kama Mize.

Huyu Mize alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, sauti yake ya chinichini. Hakujaliwa mtoto, na mume wake wa kwanza alimwacha kwa sababu hiyohiyo. Alibaki na kigoda chake na hadithi zake, na hadithi yake ya Chungu Kikubwa ndiyo iliyofunga mavuno kila mwaka, siku ya saba. Ilikwenda hivi. Mama wa kambo anaingia katika nyumba ya mtu aliyefiwa na mkewe. Siku ya kwanza anampikia mtoto uji laini wa asali. Siku ya pili anamsuka nywele na kumpaka mafuta ya ufuta. Siku ya tatu anamwimbia. Hagombi, hachoki, hakosei. Mtoto ananenepa. Siku ya saba anainjika chungu kikubwa, na maji ya chungu kile si ya uji.

Na kila mama wa kambo alipoita, "Njoo mwanangu, njoo ule, uji umepoa na asali imo," watoto wote wa Kidundani waliitikia kwa nguvu zao zote: "Usile!" Mwaka hata mwaka. Na mtoto aliyepiga kelele kuliko wote, mstari wa mbele, jicho halipepesi, alikuwa kibinti mmoja jina lake Kidawa.

Kidawa alikuwa mtoto wa Mbaruku, mrina asali. Mama yake mzazi, Zawena, alifariki Kidawa akiwa na miaka mitano. Alipofika saba, Mbaruku akamposa Mize. Mize akakubali. Nikwambieni kweli, nusu alikubali kwa ajili ya Mbaruku, na nusu na robo kwa ajili ya Kidawa. Miaka yote amekaa juu ya kigoda akimtazama mtoto yule mstari wa mbele, na moyo wake ukisema, laiti ningekuwa na kibinti hiki.

Akahamia. Akaja na mkeka wake, miko yake, mtungi wa maji, na chungu. Chungu chake kilikuwa kikubwa, cha kupikia watu wengi, alirithi kwa mama yake. Akakiweka pembeni jikoni, hakukifikiria tena. Lakini yupo mtu aliyekifikiria.

Mbaruku akakaa siku chache, kisha ikabidi aende msituni kuitazama mizinga yake, mwezi mzima. Kabla ya kuondoka alimwambia Mize jambo moja. Mama mdogo wa Kidawa, anayekaa ng'ambo ya mto, amemtaka mtoto mara tatu. Yeye Mbaruku amekataa mara tatu, kwa kuwa anataka mwanawe akulie kwao. Lakini akirudi na kumkuta mtoto hana raha, safari hii atampeleka. Mize akamwambia nenda salama, mtoto atakuwa na raha. Alisema hivyo akiamini kabisa.

Asubuhi ya kwanza peke yao, Mize akafikiri, nimfurahishe vipi? Nyumba ya mrina asali, nini hakikosekani? Akapika uji laini, akauchanganya na asali, akaita.

Nani anakumbuka mama wa kambo wa hadithi alipika nini siku ya kwanza?

Ahaa. Mmeanza kuona. Mize hakuona.

Kidawa akasimama mlangoni, akautazama uji, akasema ameshiba. Siku ya pili Mize akamwita amsuke, akamwaga mafuta ya ufuta kiganjani. Mtoto akakaa, mabega yamepanda juu mpaka masikioni, na nywele zilipoisha kusukwa akakimbia. Siku ya tatu, mbaya zaidi, Mize akaimba. Mtu wa sauti akitaka kubembeleza atafanya nini? Aliimba, na Kidawa akaziba masikio.

Basi Mize akazidisha. Uji ukikataliwa, kesho asali zaidi. Mtoto akikunja uso, yeye anatabasamu. Hakumgombeza hata mtoto alipovunja mtungi. Na kila alivyozidisha wema, mtoto alizidi kukonda. Alikula mapera mabichi, akala muhogo mbichi wa shambani, akala punje za mahindi alizookota njiani. Chakula cha mkono wa Mize hakikupita midomo yake. Hakumwita mama, hakumwita jina. Majirani wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, asali yote ile ya nini? Mize alilisikia neno lile akiwa kisimani, akajitwisha maji akaondoka, asiwaonyeshe machozi.

Alikuja kujua siku moja, nyuma ya jiko. Kidawa alikuwa amekaa chini na mtoto wake wa gunzi. Mnajua, gunzi lililovalishwa kitambaa, hata mimi nilikuwa nalo. Mbele ya gunzi aliweka kifuu chenye mchanga na maji. Akaimba kwa sauti ya chinichini, sauti ya Mize mwenyewe, "Njoo mwanangu, njoo ule, uji umepoa na asali imo." Kisha akalikumbatia gunzi kifuani, akalinong'oneza, "Usile. Mimi sitaki ufe. Usile."

Mize aliyasikia yote. Akakaa palepale nyuma ya ukuta. Miaka kumi na tano alikuwa akiwafundisha watoto wa mji ule kumwogopa mwanamke mmoja, na leo mwanamke huyo ni yeye. Wema wake wote ulikuwa ushahidi. Uji laini, ushahidi. Nywele, ushahidi. Hata huko kutokugomba kwake. Alikuwa ameipika hadithi yake kwa mkono wake, hatua kwa hatua, na mtoto alikuwa akihesabu siku.

Mngefanya nini nyinyi? Mashavu anasema angemwambia mtoto, mimi ni mzuri. Haya, na yule wa hadithi alisema yeye ni mbaya?

Mavuno yakafika. Mji ukatoka uwanjani, magunzi yakaanza kulundikana. Siku ya tano Mize akakalia kigoda, akasema leo nina hadithi mpya. Akasimulia habari za mama wa kambo mwema. Alipika vizuri, akapenda vizuri, mtoto akakua vizuri. Msinicheke, alikuwa anahangaika. Hakufika mbali, gunzi la kwanza likatua miguuni, na la pili, na la kumi. Mzee Ngwali ndiye aliyesimama kusema. Akasema kwa upole, maana alimpenda Mize, kwamba hadithi ile haina chungu, haina hofu, na yeye mikono yake imelala. Akasema, mwanangu, turudishie mama wa kambo wetu. Watu wakacheka.

Mize hakujali kicheko. Alimtazama Kidawa, na uso wa Kidawa ulikuwa umekazana kuliko jana. Kwa mtoto yule, nani mwingine angesimulia kwamba mama wa kambo ni mwema, kama si mama wa kambo mwenyewe?

Siku ya sita ilikuwa zamu ya nyumba ya Mbaruku kuwapelekea uji wapukuchuaji. Watu sitini. Vyungu vidogo vingetosha wapi? Asubuhi Mize, kichwa kizito kwa kutolala, akakiburura chungu kikubwa kutoka pembeni, akakiinjika juu ya mafiga, akajaza maji. Hakufikiria. Alifikiria watu sitini tu.

Kidawa akatokea mlangoni. Akakiona chungu. Akakiona moto.

Mtoto akatoka mbio.

Mize akaacha mwiko, akamfuata. Akaita uani, akaita kisimani, akaita shambani kati ya mabua. Jua likapanda. Koo likamkauka kwa kuita. Akamkuta juu ya mpera, kwenye tawi la juu kabisa, gunzi lake kwapani. Mize akambembeleza ashuke, mtoto akakataa kwa kichwa. Akamwambia hakuna atakayemgusa, mtoto akazidi kulikumbatia tawi. Na wakati anaendelea kubembeleza, pua yake ikapata harufu.

Uji wa watu sitini, jamani.

Akakimbia kurudi. Moshi ulikuwa umejaa jiko zima. Akakiepua chungu akaungua vidole, akakitua chini, akatazama ndani. Juu umepasuka mapovu ya kahawia, chini umeshika, mweusi. Hapo Mize wa kutabasamu akaisha. Mwezi mzima wa kutabasamu ukaisha. Akageuka mlangoni, na Kidawa, aliyekuwa amemfuata kwa mbali, akayapata yote.

"Nimekuita mara ngapi? Nimekuita mpaka sauti imenikatika, nawe uko juu ya mti unanitazama. Haya, tazama na huu. Umeungua wote. Nitawaambia nini watu? Na wewe hujala tangu jana, na mimi sijala tangu jana, na uliopo ndio huu, ukitaka kula ule, hutaki basi. Mimi nimechoka, Kidawa. Nimechoka."

Akaketi sakafuni, akachota uji kwa upawa, akala. Uso ukamkunjika kwa uchungu wa uji ule. Akala tena, huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Kidawa akasogea hatua moja.

"Umeungua?"

"Si unaona."

"Wewe ndiye uliyeuunguza?"

"Nani mwingine yupo humu?"

Mtoto akafikiri. Akasogea hatua ya pili. "Yule haunguzi," akasema.

"Yule nani?"

"Yule wa chungu. Uji wake hauungui hata siku moja. Na yeye hagombi."

Mize akafuta pua kwa mgongo wa mkono. Akataka kusema maneno mengi mazuri, maana alikuwa fundi wa maneno, lakini yote yalimwacha. Akasema tu, "Mimi naunguza. Na nagomba. Mama yangu alikuwa akinificha mwiko nisije nikaunguza, nami mkubwa kabisa, aibu yangu."

Kidawa akaketi, si karibu sana. Akanyoosha mkono, akachukua upawa, akauonja uji kwa ncha ya ulimi.

"Mchungu," akasema.

"Mchungu sana."

Akachota tena. Akachota mara ya tatu. Mize hakutabasamu, hata kujikuna aliogopa. Alikaa vilevile mpaka mtoto aliposhiba.

Wapukuchuaji nao waliunywa uji ule siku hiyo, na maneno yao siwezi kuyasema mbele ya watoto. Na chungu? Chungu kilisuguliwa kwa mchanga na majivu tangu adhuhuri mpaka jua linakuchwa. Mikono minne.

Ikaja siku ya saba, siku ya kufunga. Mbaruku akarudi mchana ule na vibuyu vyake vya asali, akapitia uwanjani, akasimama pembeni. Kidundani yote imekaa. Mzee Ngwali akasema mavuno hayafungwi bila Chungu Kikubwa, na watu wote wakasema ndivyo, ndivyo. Mize akaomba asamehewe mwaka huu, asimulie kingine chochote, sungura, mfalme, wachague wao. Wakakataa. Hawakuwa na nia mbaya, walikuwa na hamu yao ya mwaka mzima.

Mize akakalia kigoda. Akawaza. Jana mtoto amekula, lakini jana ni siku moja. Akiisimulia leo, vizuri kama anavyoijua, si atakivunja kile kitu kidogo walichokisugua pamoja? Na baba yake yuko pale, anatazama uso wa mwanawe. Kidawa alikuwa mstari wa mbele, gunzi lake mapajani, jicho halipepesi.

Akaanza. Akamwingiza mama wa kambo nyumbani. Akasema, siku ya kwanza akapika uji, uji laini, mweupe, mtamu, akaita...

Gunzi likampiga gotini.

Mize akatazama chini. Lilikuwa limevaa kitambaa.

Uwanja mzima ukageuka kumtazama aliyerusha. Watoto hawakuwahi kurusha, mtoto gani angethubutu kusimama? Mzee Ngwali akakohoa. Akasema sheria ni sheria, mjukuu wangu, mrusha gunzi asimame aseme.

Kidawa akasimama. Mikono hakujua aiweke wapi, sasa hana gunzi.

"Sivyo hivyo," akasema. "Uji uliungua. Mama wa kambo alimtafuta mtoto, uji ukaungua. Akagomba sana. Halafu akala yeye kwanza, akalia. Mtoto naye akala. Ulikuwa mchungu." Akafikiri kidogo. "Hakufa."

Mzee Ngwali alikuwa ameshika gunzi mkononi. Wote waliliona. Mama wa kambo asiye mbaya, na mzee yule hajabadilika tangu juzi. Akaligeuza gunzi, akauliza taratibu, "Na chungu kikubwa je, mjukuu wangu? Chungu hakipo?"

"Kipo," Kidawa akasema. "Kimeungua chini. Mimi na mama tulikisugua mpaka jioni."

Mimi na mama.

Mzee Ngwali akaliweka gunzi lake chini, pembeni ya mguu, akachukua hindi jingine akaendelea kupukuchua. Mize akainama, akaliokota gunzi la kitambaa, akajifunika uso nalo, akalia mbele ya mji mzima kwa furaha, bila kuona haya. Na Mbaruku habari za mama mdogo hakuzitaja tena, isipokuwa za kumsalimia.

Najua mnachongoja. Mnangoja niseme Kidawa yule ndiye mimi. Siye, sijazeeka kiasi hicho, na adabu muwe nayo. Mnangoja niseme ilikuwa ndoto. Haikuwa. Mzee Ngwali angetoka kaburini na gunzi lake.

Kidundani hawakuacha kumpenda mama wa kambo mbaya. Mize aliwapa chungu chao kila mwaka, wakaogopa, wakapiga kelele ya "Usile!" mpaka wakapata kikohozi. Lakini kila alipofika kwenye uji aliuliza, "Umeungua au haukuungua?" Na Kidawa, hata alipokuwa mama mwenye watoto wake, alijibu kutoka mstari wa mbele, "Wetu uliungua."

Basi wanangu, mtu wa hadithini mchukieni mnavyotaka, mzomeeni, ni wenu huyo. Lakini msimvalishe jirani nguo zake. Wa hadithini anajulikana tangu anapobisha hodi. Huyu wa nyumbani mpaka ule naye, na si siku ya asali tu.

Nilikipokea kwa mikono miwili, nimekitua kwa mikono miwili. Ukikiona kizito, chukua na mwenzio. Ukikiona chepesi, hukushika vizuri. Haya, inukeni. Naitwa jikoni, na nasikia harufu, na yeyote atakayesema kitu kuhusu chakula cha leo, nina magunzi.